Dubu wa Saa Kumi na Moja

11 Juni

Tumefika. Daktari alimwandikia rafiki yangu Bogdana hewa ya milimani, miezi mitatu, kwa ajili ya mapafu yake, na kwetu Ruse, mji wa Wabulgaria, hakuna mlima. Kuna mto, joto na moshi wa magari. Kwa hiyo tumevuka mpaka, tumepanda treni, kisha basi, kisha gari la muuza jibini, na sasa tuko Fagetu, kijiji cha Waromania, kwa mjane aitwaye Paraskiva. Chumba kimoja, vitanda viwili, dirisha linatazama msitu. Bogdana anapaita ugenini. Mimi siwezi. Mama yangu alitoka upande huu wa mto, mimi niliolewa nikaishi upande huu miaka kumi na minne, na ndoto zangu mbaya zote huja kwa lugha yao.

Kilomita chache kabla ya kijiji tulisimama nusu saa nzima. Nilidhani ni ajali. Kumbe magari kama ishirini yameziba barabara, watu wanatupa biskuti madirishani, na dubu jike amekaa kando ya lami kama ombaomba mlangoni mwa kanisa, watoto wake wawili nyuma yake. Bwana mmoja alishuka akampa soseji mkononi. Mkononi! Nilitoa kichwa nje nikamwambia, "Bwana, kama umechoka kuishi, tafuta njia nyingine, usimwingize mnyama wa watu." Akanicheka.

Bogdana alikuwa anapiga picha. "Shoga, umeyaona masikio ya wale wadogo? Kama vifungo vya koti!"

Niliyaona. Nilizidi kukasirika.

13 Juni

Mvua. Supu ya maharage. Bogdana anakohoa.

17 Juni

Tumepanda hadi malisho ya juu. Paraskiva alituombea tuongozane na Toader, bwana misitu wa hapa, mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ambayo nadhani hulala nayo. Alitufundisha kusoma njia: kinyesi cha dubu kimejaa mbegu za rasiberi, mti uliokwanguliwa gome, alama ya unyayo kwenye tope, pana kuliko sahani. Bogdana aliweka kiatu chake ndani ya alama ile, kikatosha na nafasi ikabaki. Hakukohoa hata mara moja. Tuliona kulungu watatu, na ndege mweusi mkubwa ambaye Toader alituomba tusimtaje kwa mtu, maana ana kiota.

Wakati wa kushuka nilimuuliza, "Toader, na wale wanaolisha dubu barabarani? Kazi yako si kuwazuia?"

Akainua mabega. "Nimewaambia."

"Umewaambia, halafu?"

"Halafu wamenipiga picha na mimi."

Bogdana alicheka. Mimi sikucheka. Mtu analipwa na serikali, amevaa sare, anainua mabega! Nimekwisha kumjua ni mtu wa aina gani.

20 Juni

Jua. Nimefua.

24 Juni

Leo nimemwona Nelu, na siku nzima imeharibika.

Huyu Nelu ana nyumba ya wageni kwenye kona ya barabara, ghorofa mbili, maua mekundu kila dirisha. Nilisikia dukani kwamba pale kuna keki nzuri ya plamu, tukaenda. Keki ni nzuri kweli, sitamsingizia. Ilipokaribia saa kumi na moja jioni, bwana mwenyewe akatoka na aproni, akaanza kupanga viti nyuma ya nyumba, vikitazama msitu, kama sinema.

"Karibuni, mabibi, kaeni mbele," alituambia. "Saa kumi na moja kamili mgeni wetu anakuja."

"Mgeni gani?" niliuliza.

"Duchesa."

Ndilo jina alilompa. Mnyama wa mwituni amepewa jina kama paka wa sebuleni. Kulikuwa na kihori cha mbao ukingoni mwa majani, na Nelu akakijaza skonzi za jana kutoka kapu kubwa, kisha akazimiminia shira kwa birika. Akaondoka akijifuta mikono. Dakika mbili hazikupita, matawi yakatikisika, akatoka yule yule jike wa barabarani na watoto wake. Alikuja moja kwa moja, hakutazama kushoto wala kulia. Watalii thelathini wakashusha pumzi kwa pamoja.

Nikasimama. "Bwana Nelu, hii ni marufuku."

"Mama, mimi nimetupa mabaki tu," akasema kwa sauti laini ya mwenye duka. "Mnyama akija kula mabaki, nimfunge?"

"Umemwekea saa!"

"Basi na wewe umekuja kwa saa ile ile," akanijibu, na watu wakacheka. "Kaa chini, mama, unawaziba wenzako."

Sikukaa. Nilitoka hadi barabarani nikamngoja Bogdana robo saa. Alipokuja alikuwa na shira kwenye mkono wa sweta. Alisema imemwagikia kutoka mezani.

27 Juni

Nimemwandikia barua mkuu wa misitu wa wilaya. Kurasa tatu. Paraskiva aliisoma akaniambia Kiromania changu ni kizuri sana kwa mtu aliyekasirika kiasi hicho.

3 Julai

Hakuna jibu.

10 Julai

Bado hakuna jibu. Mvua ya mawe imevunja vitunguu vya Paraskiva.

12 Julai

Nimejua. Bogdana amekuwa akienda kwa Nelu kila siku nikijilaza jioni. Kila siku! Nilikwenda kumtafuta nikamkuta amepiga magoti kwenye majani, hatua tano kutoka kwa yule jike, ananyoosha skonzi, na Nelu amesimama nyuma yake anamrekodi kwa simu ya Bogdana mwenyewe.

Sikupiga kelele, kwa ajili ya dubu. Nilingoja mpaka tumefika njiani.

"Una miaka sitini na tatu," nilimwambia. "Umekata tiketi kwenye basi la umeme miaka thelathini, umewashusha walevi kwa mkono wako. Akili zako umeziacha mpakani?"

"Ananijua, Tsvetana. Anachukua taratibu. Ana ulimi kama msasa."

"Anakujua kwa mkate."

"Na wewe nani anakujua?" akasema. "Umefundisha jiografia miaka yote ile, unajua kila mlima unaitwaje, lakini hujawahi kumkaribia kiumbe bila kumsahihisha."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema ili nisije nikayapunguza baadaye. Tumerudi kila mmoja upande wake wa barabara.

13 Julai

Hatusemezani.

14 Julai

Hatusemezani. Bogdana alimuomba Paraskiva chumvi kwa ishara, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

16 Julai

Toader alipita kumletea Paraskiva kuni. Alitaka kuniambia jambo, akaona uso wangu, akaenda.

18 Julai

Kuna mfuko wa skonzi za Nelu kwenye jiko la nje, nyuma ya pipa la unga. Najua ni wa nani. Nilitaka kuutupa. Lakini ningeutupa angesema nimeanza tena, basi nikauacha aone mwenyewe aibu yake.

20 Julai

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili asubuhi Paraskiva alitoka na ndoo kwenda kukamua. Mimi nilikuwa nachana nywele dirishani. Nilisikia ubao unapasuka upande wa jiko la nje, kisha ndoo ikianguka, kisha sauti ya Paraskiva. Aliita "E!" tu, kama mtu aliyemkuta jirani bustanini mwake. Halafu akapiga ukelele.

Jike alikuwa ameng'oa mlango wa jiko. Paraskiva alikuwa kati yake na watoto wake, waliokuwa wamepanda juu ya rundo la kuni. Hakuwa na pa kwenda. Yule mnyama alimpiga pigo moja, akamvuka, akawakusanya watoto wake, akapita kwenye ua uliovunjika. Kila kitu kilichukua muda wa kushuka ngazi zetu kumi na mbili. Najua kwa sababu nilikuwa nazishuka.

Bogdana alinitangulia, peku, na mfuniko wa sufuria mkononi. Tulimkuta Paraskiva amekaa chini, mkono wa kulia umepinda pasipo na kiwiko, ngozi ya kichwa imefunguka, damu imejaa jicho. Alikuwa anauliza kama ng'ombe amekamuliwa.

Toader alikuja na gari kabla hata sijamaliza kupiga simu. Alimbeba kama mtoto. Safari hii hakuinua mabega. Alitazama jiko, akaokota kipande cha mfuko wa karatasi, akanusa.

"Shira," akasema.

Bogdana alisimama palepale mlangoni. Uso wake sijawahi kuuona hivyo, hata siku ya kumzika mumewe.

Na mimi? Niliuona mfuko siku mbili kabla. Niliuona, nikanyamaza kwa kiburi. Mwezi mzima nimewakasirikia watu wa magari, nimemkasirikia Nelu, Toader, Bogdana. Leo hasira imerudi nyumbani.

21 Julai

Mkono umevunjika mara mbili, nyuzi ishirini na sita kichwani. Ataishi. Alituuliza nani anamlisha ng'ombe.

Simu zote za kijiji zimelia kwa pamoja: tahadhari, dubu hatari. Hatari! Na anayempangia viti?

24 Julai

Mkutano wa kijiji, ukumbini, baada ya ibada. Kila mtu alikuwepo, hata Paraskiva, aliyetoka hospitali jana na kilemba cha bandeji. Nelu alikuwa wa kwanza kusimama, na shati jeupe.

"Sote tumeumia," akasema, mkono kifuani. "Dubu huyu ameharibika. Ameshaonja nyua za watu. Namuomba meya aharakishe kibali apigwe risasi kabla hajaua mtoto wa mtu."

Watu wakapiga makofi. Nikasimama. Siandiki nilichosema kwa sababu sikumbuki vizuri. Nakumbuka nilisema kihori, nilisema saa kumi na moja, nilisema barua yangu ya kurasa tatu. Kutoka nyuma mtu akaita, "Mama, rudi kwenu ukalinde dubu wenu!" Kicheko. Nelu akatikisa kichwa kwa huruma. "Wageni wetu wazee," akasema, "jua la milimani huwa kali kwao."

Hapo Bogdana akanivuta sketi. Alikuwa amesimama.

"Tafsiri," akaniambia. "Kila neno. Usinipambe."

"Bogdana, si lazima."

"Tafsiri, shoga."

Nikatafsiri. "Jina langu ni Bogdana Pencheva. Mkate uliomleta dubu kwa Paraskiva ulikuwa wangu. Niliuficha jikoni kwake bila kumwambia. Nimemlisha dubu huyu kwa mkono wangu siku kumi na saba." Nilipofika kwenye "bila kumwambia" nilijaribu kusema kwamba hakujua hatari yake. Bogdana anajua maneno yao kumi tu, lakini aligundua. "Hilo sikulisema," akaniambia mbele ya watu wote. "Lifute." Nikalifuta. Na nikaongeza la kwangu: kwamba niliuona mfuko ule nikauacha.

Kisha akatoa simu, akampa mtu wa kwanza wa mstari wa mbele. Ni ile video Nelu aliyomrekodia. Mwanzoni, kabla hajaigeuza kwa Bogdana, kamera imeelekea kihori, na sauti ya Nelu inasikika wazi kabisa: "Tangu Aprili namzoesha, mama. Mwaka jana alikuwa anakimbia, sasa unaona, kama kondoo." Simu ikapita mkono kwa mkono. Nilikuwa nasikia sauti ile ikienda mstari hadi mstari, tangu Aprili, tangu Aprili.

Nelu akageuka mwekundu. "Mmekula keki yangu," akatusemesha kwa hasira, "mmekaa kwenye viti vyangu..."

"Na mimi nimekaa kwenye damu yangu," akasema Paraskiva kutoka kitini. Hakupandisha sauti. "Kaa chini, Nelu. Unawaziba wenzako."

Sikuwa nimemsimulia. Labda ni maneno ambayo Nelu humwambia kila mtu pale kwake.

Tulipotoka, Bogdana alimfuata Paraskiva hadi getini akalishika geti. Paraskiva alimtazama sana, kisha akaniambia mimi, "Mwambie ng'ombe anakamuliwa saa kumi na mbili na jioni saa moja. Mpaka plasta hii ya mkono itoke. Na kucha akate."

25 Julai

Bogdana amepigwa teke. Maziwa vikombe viwili.

28 Julai

Wakaguzi wamekuja, wameondoka na kihori. Nelu amepewa faini ambayo viti vyake vya mbele huirudisha kwa Jumamosi moja. Nikauliza kuhusu kibali cha kumuua dubu. "Hilo ni faili lingine, mama," wakanijibu. Faili lingine!

2 Agosti

Tulikuwa tunatoa kokwa za plamu barazani, watatu, Paraskiva kwa mkono mmoja. Risasi mbili, kutoka upande wa kona. Bogdana alikuwa ameshika plamu. Aliendelea kuipasua, akatoa kokwa, akaiweka kwenye beseni, akachukua nyingine.

Yule jike alikwenda kwa Nelu saa yake ya kila siku. Kihori hakipo, yeye alikwenda, akakaa. Mpigaji alitoka mjini na hakulazimika hata kutembea.

3 Agosti

Toader alikuja leo, bila kofia. Walimtaka awe kiongozi wa mpigaji, akakataa, na sasa ameandikiwa onyo. Mtoto mmoja wamemkamata, amepelekwa kwenye makao ya dubu yatima. Atakula vizuri, ataishi nyuma ya waya. Wa pili alikimbilia msituni. Toader alitembea siku nzima hakumpata.

"Ataweza peke yake?" nilimuuliza.

"Kula, ataweza. Mwaka huu kuna matunda mengi." Alikuwa anazungusha kikombe. "Shida yake ni moja. Mama yake alimfundisha kwamba sisi ni chakula kinachotembea. Asipojifunza kutuogopa kabla ya majira ya baridi, mwakani nitaitwa kwa ajili yake."

Nilimuomba msamaha kwa niliyomfikiria tangu Juni. Hakujua nilifikiria nini, nikalazimika kumweleza, na ilikuwa vigumu zaidi kuliko nilivyotegemea. Aliniambia barua yangu ilikuwa ya kumi na mbili. Kumi na moja za kabla yangu alikuwa ameziandika yeye.

9 Agosti

Nelu ametundika picha kubwa ukumbini kwake. Duchesa mbele ya kihori, na chini maandishi ya dhahabu: Tutakukumbuka daima. Watu wanapiga picha mbele yake. Nimekosa neno la kuandika hapa ambalo nisingemwadhibu mwanafunzi kwa kulitumia.

10 Agosti

Paraskiva alivaa nguo za ibada akashuka peke yake hadi kwa Nelu. Tulimfuata kwa mbali. Aliingia kati ya meza, zote zimejaa, akasimama juu ya kiti, akaitoa picha ukutani kwa mkono wake mmoja mzima. Nelu alisimama na birika lake. Alipopita mlangoni Nelu akamfungulia, sijui kwa nini. Labda ni mazoea.

21 Agosti

Maziwa lita saba. Bogdana hajakohoa wiki tatu. Ng'ombe humwitikia, naye Bogdana humwita kwa jina la msimamizi wake wa zamani wa kazini, ambaye alimchukia.

5 Septemba

Baridi asubuhi. Plasta imetoka. Mkono umekonda, unashika.

6 Septemba

Paraskiva amekamua mwenyewe. Bogdana alikaa karibu naye kwenye kigoda, bila kazi.

12 Septemba

Nimeandika haya kituoni, tukingoja treni.

Toader alitushusha kwa gari lake. Kwenye mteremko, magari yamesimama. Kabla hajasema mtu nilijua. Yule mtoto wa pili alikuwa peke yake kando ya lami, amekua, miguu mirefu, manyoya yamechakaa ubavuni. Mwanamke mwenye miwani ya jua alikuwa ameshuka, anatikisa pakiti ya krispi na kumbembeleza: njoo, mdogo, njoo.

Bogdana alifungua mlango gari halijasimama. Alifika mbele ya yule mwanamke akapokonya pakiti akaikanyaga. Kisha akainama, akaokota jiwe, akamrushia dubu.

Halikumpata. Mtoto alilifuata lilipoangukia, akalinusa, akaligeuza kwa mkono. Halafu akasimama kwa miguu miwili mbele ya Bogdana, akangoja jingine.

"Nenda!" Bogdana alipiga kelele kwa Kibulgaria. "Nenda, mjinga wewe! Nenda!" Jiwe la pili lilimpata begani. Alilia, sauti nyembamba. Watu wakaanza kupiga makelele madirishani. "Mchawi! Katili! Mpigie polisi!" Mwanamke wa krispi alikuwa analia kwa hasira, ananirekodi, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshuka, na mimi nilikuwa na mawe. Nilirusha kwa nguvu zangu zote. Toader alibana honi bila kuiachia. Bogdana alikuwa anarusha na machozi yanamshuka hadi kidevuni, na hakukosa tena.

Mtoto aliruka mtaro, akapanda mteremko akianguka na kuinuka, akaingia kwenye misonobari.

Tulisimama mpaka matawi yakatulia. Bogdana alijifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Ameumia?" akauliza.

"Ameumia," nikamwambia.

"Sana?"

"Sana."

"Afadhali," akasema, akarudi garini.